Vitambaa na majina yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara mezani kwa fundi, Kigoma

Sisi tunaoshona Mwanga, hapa Kigoma mjini, tunajibu maswali haya kutwa nzima, mara nyingine mdomo umebana pini. Mengine huulizwa na mama anayetafuta kitenge cha harusi, mengine na kijana aliyetumwa kitambaa cha sare asijue aanzie duka gani. Tumeanza na ya msingi, yale yenye utata yako mwishoni. Jibu likiwa limeshatolewa mahali pengine, tumekuelekeza huko.

## Majina yanayochanganya

Pamba, satini, wax, jora: zote hizi si aina za kitambaa?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Kila jina linajibu swali lake. Pamba, hariri, sufu, kitani na polista ni majina ya kile ambacho uzi umetengenezwa nacho. Satini, popelini na drili yanaeleza jinsi nyuzi zilivyofumwa. Wax, java na batiki yanahusu rangi na uchapaji. Jora, doti na yadi ni vipimo tu.

Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii ni satini", bado hajakwambia kama ni ya hariri au ya polista. Akikwambia "hii ni wax", bado hujajua kama chini ya rangi kuna pamba. Uliza mara mbili: imetengenezwa kwa nini, na imefumwa au kuchapwa vipi? Muuzaji anayejua bidhaa yake hatakasirika.

Mtande na mshindio ni nini, na vinanihusu nini mimi mnunuzi?

Mtande ni nyuzi zinazokwenda kwa urefu wa jora. Mshindio ni zile zinazopita katikati yake kwa upana. Nyuzi za mtande ndizo zinazokazwa sana kwenye mashine, kwa hiyo kitambaa kwa kawaida hakivutiki kwa urefu, kinavutika kidogo kwa upana, na kinavutika zaidi ukikivuta pembe kwa pembe. Huo mshazari mafundi wengi tunauita krosi.

Linakuhusu kwa sababu fundi akikata suruali nje ya uzi, yaani bila kufuata mtande, ili kubana kitambaa kisitumike kingi, mguu mmoja utajizungusha baada ya kufua mara mbili tatu. Ukiona mshono wa pembeni umehamia mbele ya goti, usilaumu sabuni.

Popelini, drili, kaki na jinzi zinatofautianaje?

Popelini ni mfumo wa kawaida, uzi mmoja juu mmoja chini, umebanwa vizuri, laini, unafaa shati. Drili ina vimistari vya mshazari ukiitazama kwa karibu, nzito, inavumilia suruali na ovaroli. Jinzi ni ndugu ya drili: mtande umetiwa rangi ya bluu na mshindio umeachwa mweupe, ndiyo maana ndani ya suruali ya jinzi kunapauka kuliko nje. Kaki kwa asili ni rangi, lakini dukani ukisema "nipe kaki" utapewa drili ya suruali, hata kama ni ya kijani.

Tetroni ni pamba?

Ni jina la kibiashara la polista ya Kijapani lililogeuka kuwa jina la kila shati la shule. Kinachouzwa leo kwa jina hilo mara nyingi ni mchanganyiko wa polista na pamba, na polista ndiyo nyingi. Haikunjamani ovyo, inakauka haraka, haichuji. Kwa joto la hapa mwezi wa tisa, mtoto anatoka jasho. Mzazi mwenye uwezo anunue moja yenye pamba nyingi zaidi kwa siku za jua kali.

Krepu, sifoni na satini: zipi ni zipi?

Krepu ina chembechembe ukiipapasa, kwa sababu nyuzi zake zimesokotwa sana kabla ya kufumwa. Sifoni ni nyepesi, inaonyesha, inateleza mezani. Satini inang'aa upande mmoja kwa sababu nyuzi zinaruka juu ya nyingine kadhaa kabla ya kuzama, na nyuzi hizo ndefu za juu ndizo zinazokwaruzwa na kucha, kiti au mkoba. Zote tatu zinaweza kuwa za hariri, lakini zinazofika Kigoma karibu zote ni polista.

Rayoni na viskosi je? Wengine wanasema ni pamba bandia.

Viskosi, ambayo ni aina ya rayoni, hutengenezwa kwa massa ya miti yaliyoyeyushwa kwa kemikali kisha kuvutwa kuwa uzi. Madera mengi laini yenye kuning'inia vizuri ni ya kitambaa hiki. Ni baridi mwilini kama pamba, ila ikilowa inapoteza nguvu. Usiikamue kwa kuipindapinda kama shuka. Ikamue kwa kuibonyeza, la sivyo itaachia kwenye mshono.

Kitambaa cha jezi kina tofauti gani na hivi vingine?

Hakina mtande wala mshindio. Ni vitanzi vya uzi vilivyoshikana, kama sweta lakini vidogo, ndiyo maana fulana inavutika. Kishonwe kwa sindano ya ncha butu na ovaloki. Kikishonwa kwa mshono wa kawaida usiovutika, uzi unakatika siku ya kwanza unapovaa.

## Kitenge, khanga na ndugu zao

Kitenge na khanga vinatofautiana wapi hasa?

Khanga ni kipande kilichokamilika: kina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Huuzwa viwili viwili, na hivyo viwili ndiyo doti ya khanga. Kila kimoja kina urefu wa kama mita moja na nusu na upana wa zaidi kidogo ya mita moja. Ni pamba nyepesi.

Kitenge hakina jina wala mji. Ua linarudi bila kukoma toka mwanzo wa jora hadi mwisho, kitambaa ni kizito zaidi, na hukatwa kwa yadi. Kwa fundi tofauti ni kubwa: kitenge unakata popote, khanga unapanga kwanza pindo litakaa wapi. Mteja anayeleta doti ya khanga na kutaka gauni la mikono mirefu lenye kola ananipa kazi ya kuunganisha, si ya kushona.

Na kisutu, khanga ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe ya maharusi, tafadhali usiilete ikatwe. Ivae hivyo hivyo.

Wax ya kweli inatambulikaje?

Katika uchapaji wa wax, kitambaa cha pamba huchapwa utomvu unaofanana na nta pande zote mbili, kisha huzamishwa kwenye rangi. Palipo na utomvu rangi haiingii. Utomvu ukipasuka, rangi hupenya kwenye nyufa na kuacha mishipa myembamba. Rangi nyingine huongezwa baadaye.

Kwa hiyo angalia mambo matatu. Kwanza geuza: uso na mgongo vinatakiwa kulingana kiasi kwamba unasita ni upi wa kuvaa nje. Pili tafuta hiyo mishipa. Mishipa ya kweli hairudii sura ileile kwenye kila ua. Ukikuta ufa uleule kwenye kila ua, basi ni picha ya ufa. Tatu soma maandishi ya ukingoni, polepole. Jina la kampuni kubwa likikosewa herufi moja, umeshajibiwa.

Vlisco ya Uholanzi, iliyoanzishwa Helmond mwaka 1846, ndiyo inayoigwa kuliko zote. Bei ikiwa sawa na ya kitenge cha jirani, hiyo siyo Vlisco, hata kama muuzaji anaapa.

Kwa hiyo kitenge ambacho si wax ni kibaya?

La. Kitenge kilichochapwa upande mmoja kwenye pamba nzuri kinadumu na kinapendeza, na kwa sare za kikundi ndicho cha busara. Kibaya ni kile cha polista kinachouzwa kwa bei ya pamba: kinang'aa, kinateleza, kinanata mgongoni ukitoka nacho kwenye jua. Kwa kukijua, soma jibu la kuchoma uzi hapo chini.

Vitenge vya Kongo vinatengenezwa Kongo?

Vingi vinavyoitwa hivyo vimepitia Kongo tu. Vinatoka viwandani Uholanzi, Afrika Magharibi, China au India, kisha wafanyabiashara wanavivusha ziwa kutoka Kalemie na Uvira, au vinaingia kwa barabara ya Manyovu kutoka Burundi. Sifa ya Kigoma kwa vitenge imetokana na njia hizo. Mama wa Kikongo atakwambia "kikwembe", naye anazungumzia kitenge hichohicho.

Kikoi ni kitenge cha wanaume?

Hapana. Kikoi hakichapwi, mistari yake imefumwa kwa nyuzi zilizokwisha kutiwa rangi, ndiyo maana inaonekana sawa pande zote. Ncha zake huachwa nyuzi zikisokotwa kuwa matamvua.

Wazee wa Ujiji hutaja merikani na kaniki. Ni vitambaa gani hivyo?

Merikani, au amerikani, ilikuwa pamba isiyopaushwa, ngumu, iliyofumwa kwenye viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem. Kaniki ilikuwa pamba iliyotiwa rangi ya nili, ya bluu iliyokolea karibu na nyeusi, kutoka India. Misafara ya karne ya 19 ilibeba marobota ya vitambaa hivi kutoka pwani kupitia Tabora hadi Ujiji, na njiani ndivyo vilivyokuwa fedha: hongo kwa watemi, chakula, mishahara ya wapagazi. Msafara wa Stanley uliofika Ujiji mwaka 1871 kumtafuta Livingstone ulilipa njia nzima kwa kitambaa na shanga. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata pamba, kitambaa cha Uingereza na India kikachukua nafasi, lakini watu wakaendelea kuita merikani.

Vyote viwili bado vinapatikana. Sisi tunatumia amerikani kujaribia mkato wa gauni la gharama kabla ya kugusa lesi ya mteja.

Kitambaa cha sanda ni kipi?

Pamba nyeupe isiyo na nakshi, kwa kawaida bafta au amerikani iliyopaushwa. Usinunue polista kwa kuvutiwa na weupe wake. Kwa Waislamu, ada ni vipande 3 kwa mwanaume na 5 kwa mwanamke. Kuhusu yadi na mkato, waulize wanaoosha maiti msikitini kwenu kabla ya kwenda dukani. Kwa kazi hii mafundi wengi hawatozi.

## Vipimo

Doti moja ni yadi ngapi?

Inategemea unanunua nini na kwa nani, na hapa ugomvi hautaisha leo. Zamani za misafara doti ilikuwa shuka mbili, yadi 4 kwa jumla, sawa na mikono 8. Wauzaji wengi wa vitenge bado wanaishika hesabu hiyo ya yadi 4. Doti ya khanga ni vipande viwili, kama ilivyoelezwa hapo juu. Wafanyabiashara wa kutoka Kongo wao huhesabu kwa pisi, na pisi nzima ni yadi 6.

Ushauri wetu: acha neno, taja yadi, na mwombe anyooshe mbele yako. Yadi moja ni inchi 36, yaani sentimeta 91 na kidogo. Pisi ya yadi 6 lazima ikaribie mita 5 na nusu. Tumepokea "yadi 6" zilizoishia mita 5 kamili, na nusu mita hiyo ndiyo iliyokuwa mikono ya gauni. Tena angalia anavyopima: kitambaa kinachovutwa kwa nguvu kwenye rula ya mbao kinarudi kwenye urefu wake ukifika nyumbani.

Ninunue yadi ngapi?

Kwanza uliza upana. Kitenge kina upana wa kama inchi 45. Vitambaa vya suti na krepu nyingi vina inchi 58 hadi 60, kwa hiyo unahitaji urefu mdogo zaidi.

Kwa kitenge na mwili wa wastani, shati la mwanaume la mikono mifupi linachukua yadi 2 na nusu. Gauni refu la kawaida lenye mikono, 4. Gauni la solo au lenye marinda mengi, pamoja na kilemba, usishuke chini ya 6. Mrefu au mnene, ongeza moja. Ua likiwa kubwa, ongeza nusu, kwa sababu fundi lazima alipange lisikatike katikati ya kifua. Ndege au miti inayoelekea upande mmoja nayo inakula kitambaa: hatuwezi kugeuza kipande kichwa chini ili kibane.

Fundi akikwambia yadi nyingi kuliko hapa, muulize zinakwenda wapi. Akikuchorea, mwamini. Akisema "we leta tu", mh.

Uzito wa gramu unaoandikwa kwenye matangazo ya vitambaa maana yake nini?

Ni gramu kwa kila mita ya mraba. Kitambaa cha shati huwa kati ya 100 na 150, jinzi hupita 300. Ukiagiza kwa simu bila kukishika, namba hiyo inakusaidia kuliko picha.

## Kukagua

Nitajuaje kama ni pamba kweli?

Chomoa nyuzi chache ukingoni, zishike kwa koleo au kibanio, uziwashe mbali na kitambaa chenyewe. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka karatasi, na majivu yake yanasagika kijivu kati ya vidole. Polista inajikunja mbali na moto, inayeyuka, na kuacha punje nyeusi ngumu. Usiiguse kabla haijapoa. Hariri na sufu zinanuka nywele zilizoungua.

Mchanganyiko unatoa majibu mawili kwa mpigo, yaani unawaka na kuacha punje. Viskosi inawaka kama pamba, kwa hiyo moto hautazitenganisha. Lowanisha uzi, kisha uvute: pamba inashikilia, viskosi inakatika kirahisi.

Kuna wauzaji wasiokubali kiberiti dukani, na wana haki. Duka zima ni mafuta ya taa yanayosubiri. Hapo tumia tone la maji kwenye ncha. Pamba huwa inalinywa, polista inaliacha likae juu. Kipimo hiki kinadanganywa na wanga wa kiwandani, kwa hiyo sugua kwanza kidogo kwa vidole.

Kwa nini kitenge kikavu dukani kinalegea baada ya kufua?

Ni wanga. Karibu kila kitenge kipya kina wanga kidogo, si kosa. Kosa ni pale wanga unapoficha kitambaa chepesi. Sugua pembe kwa nguvu kati ya viganja: ikitoka vumbi jeupe na kitambaa kikaanza kuonyesha mwanga, unajua utabaki na nini.

## Kufua, kupiga pasi, madoa

Nifue kabla ya kushona?

Khanga, amerikani, popelini ya pamba: ndiyo, zitarudi sentimeta chache kwa kila mita. Wax nzuri inarudi kidogo sana, na wateja wengi wanataka ule ukavu wake siku ya sherehe, kwa hiyo hatuwalazimishi. Lakini kama gauni litawekwa bitana, loweka vyote viwili. Kitambaa cha nje kikirudi na bitana ikabaki, pindo litavimba chini.

Chumvi inazuia rangi kuchuja?

Kwa kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi kiwandani, haizuii. Chumvi ina kazi yake wakati wa kutia rangi, si baada ya hapo. Kinachosaidia ni maji baridi, kufua peke yake mara za mwanzo, na kuanika kivulini ukiwa umegeuza ndani nje. Kikichuja bado baada ya hapo, rangi ilikuwa mbovu toka mwanzo. Usikichanganye na lesi nyeupe kwenye gauni moja.

Doa la mawese linatokaje?

Swali la Kigoma hili. Usianze na maji matupu. Paka sabuni ya kuoshea vyombo kwenye doa likiwa bado kavu, sugua taratibu, subiri, kisha suuza kwa maji ya vuguvugu. Mafuta yakishatoka hubaki wekundu. Kwa pamba nyeupe, anika juani likiwa na unyevu. Jua linaufifisha wekundu wa mawese, siku moja au mbili linapotea. Kwa kitenge cha rangi acha jua, rudia sabuni. Na kabla ya yote hayo usipige pasi, utalifunga doa.

Pasi ya mkaa inafaa kwa vitambaa vyote?

Kwa pamba na kitani ni nzuri sana, kitambaa kikiwa na unyevu kidogo. Shida ni kwamba haina namba ya joto. Polista, satini na sifoni zinahitaji pasi iliyokwisha kupoa kiasi, na kipande cha pamba juu yake. Sisi huipitisha pasi kwenye jani bichi la mgomba: inasafisha masizi na inateleza. Kisha jaribu ndani ya pindo. Satini ikishaungua inabaki na kivuli kinachong'aa ambacho hakuna fundi wa kukiondoa.

## Mambo yenye utata

Tumenunua sare za harusi kwa awamu mbili, rangi hazilingani. Kosa la nani?

Kiwanda kikitia rangi kundi jipya, rangi inaweza kupishana kidogo hata ua likiwa lilelile. Nunueni zote siku moja, kutoka mzigo mmoja. Mkichelewa, gaweni kwa meza: upande wa bibi harusi mzigo wa kwanza, upande wa bwana wa pili. Mbaya zaidi ni kuchanganya mizigo miwili ndani ya gauni moja; mchana hauoni, picha za usiku zinaonyesha.

Kitenge chenye picha ya kiongozi kinakatwaje?

Mwambie fundi mapema unataka uso ukae wapi. Kifuani au mgongoni katikati ndiyo desturi. Usiponena, hesabu ya kubana kitambaa inaweza kumweka mheshimiwa mahali utakapomkalia. Picha hizi zinataka yadi ya ziada, kwa sababu ileile ya ndege na miti.

Nguo ya mtumba ni ya kitambaa kizuri lakini kubwa. Inafaa kufumuliwa?

Mara nyingi inafaa, hasa makoti ya sufu na suruali za kitani ambazo hapa jora lake hulioni. Kagua kwapani na kati ya miguu dhidi ya mwanga kabla ya kulipa. Soma lebo ya ndani. Kama imekatwa, tumia kipimo cha kuchoma uzi. Matundu ya mshono wa zamani hubaki yakionekana kwenye satini na ngozi, kwenye sufu hujifunga kwa mvuke.

Vipande vilivyobaki ni vya nani?

Vya mteja. Vingine ni vidogo mno kiasi kwamba wengi hawavitaki, na fundi huvifanyia vilemba vya watoto au kujazia mito, lakini aulize. Wewe nawe dai angalau kipande cha ukubwa wa kiganja pamoja na uzi wa rangi ile. Siku nguo ikichanika msumari wa kiti cha daladala, kiraka cha kitenge kilekile utakipata wapi tena, mzigo wenyewe ulishaisha Kalemie.